Mungu wa vita aliyekufa vitani

Najua nimewatupa, karibu mwezi mzima sijaandika kitu. Sababu mnazijua wenyewe: semina mbili, insha tatu, na bumu ambalo kila siku tunaambiwa "wiki ijayo". Leo umeme upo, chumba kimetulia, basi ngoja niwasimulie jambo lililonitoa jasho wiki hizi. Ni la historia, kwa hiyo wale wa fizikia mnaruhusiwa kukimbia sasa hivi. Ila mtajuta.

Ilianza hivi. Chumbani kwetu tuko wanne, na mmoja wetu ana mchezo wa kompyuta wa dunia ya kubuni, ile yenye mazimwi, wachawi na ngome. Kabla hujaanza kucheza unachagua mungu wa kumfuata. Jamaa kila mara anachagua mungu wa vita. Kuna mahekalu, kuna makuhani wenye majoho mekundu, kuna sherehe ya kubariki mapanga kabla jeshi halijatoka. Usiku mmoja, saa sita imeshapita, akanigeukia: "Mwalimu, wewe si unasoma historia? Huku kwetu tuliwahi kuwa na mungu wa vita?"

Nikamjibu bila hata kufikiri: "Hapana bwana. Wagiriki walikuwa na Ares, Warumi walikuwa na Mars. Sisi tulikuwa na mizimu ya mababu tu." Nikajifunika shuka nikalala usingizi wa mtu mwenye shahada, wakati hata mwaka wa pili sijamaliza.

Aliyenisahihisha ni bibi yangu wa Bukoba. Nilimpigia Jumapili kumsalimia, nikamsimulia kama utani. Bibi ni Mkatoliki wa rozari kila jioni, kwa hiyo mambo haya anayasema kwa sauti ya chini kana kwamba padri yuko mlangoni. Akaniambia: "Mjukuu wangu, usiseme usichokijua. Ziwa hili lilikuwa na mwenyewe. Sisi tulimwita Mugasha. Ng'ambo huko Buganda wakamwita Mukasa. Na Mukasa alikuwa na ndugu yake, mtu wa vita. Nenda kasome." Salio likakatika hapo hapo.

Basi nikaenda kusoma. Na nilichokikuta, jamani, hakuna mtunga michezo ya kompyuta angekithubutu: mungu wa vita ambaye alikufa vitani, tena kwa kosa lake mwenyewe, na wafuasi wake hawakulificha kosa hilo hata siku moja.

Anaitwa Kibuuka. Kwa Kiganda kubuuka ni kuruka, kwa hiyo jina lake ni kama kusema Mrukaji. Simulizi zinasema alikuwa mtu wa visiwa vya Ssese, vile visiwa 84 vilivyomo ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, mtoto wa Wannema na ndugu wa Mukasa. Mukasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa miungu ya Baganda, mungu wa ziwa, wa uzazi na wa uponyaji, na hekalu lake lilikuwa kisiwa cha Bubembe.

Wakati huo Buganda haikuwa dola kubwa tunayoisoma kwenye vitabu vya sekondari. Ilikuwa nchi ndogo, na jirani yake Bunyoro alikuwa mbabe. Kabaka Nakibinge, ambaye wanahistoria wengi wanamweka karne ya 16, alikuwa anazidiwa vitani. Akatuma watu Ssese kuomba msaada. Akapewa Kibuuka.

Kibuuka alipigana kwa namna yake. Aliruka juu, akajificha ndani ya wingu, akawamiminia maadui mishale kutoka huko. Banyoro wanaona wenzao wanaanguka, hawamwoni anayepiga. Lakini kabla hajatoka nyumbani alikuwa ameonywa: asimwambie mtu mahali anapojificha, na asiwe na uhusiano na mwanamke yeyote wa Bunyoro.

Mnajua hadithi zinavyokwenda. Ukiona mwiko mwanzoni, jua utavunjwa katikati. Katika vita moja Baganda walishinda na kuteka watu, wakiwemo wanawake. Kibuuka akamwona mmoja, akampenda, akamchukua nyumbani kwake. Usiku ule yule mwanamke akajua yote: huyu ni nani, na hujificha wapi. Akatoroka, akarudi kwao, akawaambia wapiga mishale: msipoteze mishale chini, pigeni lile wingu. Vita iliyofuata wakalipiga wingu. Kibuuka akajeruhiwa, akaruka kwa shida mpaka mahali panapoitwa Mbaale, Mawokota, akatua juu ya mti mkubwa, akafia hapo. (Msichanganye na jiji la Mbale la mashariki mwa Uganda. Mbaale hii iko wilaya ya Mpigi, upande wa barabara ya Kampala kwenda Masaka.) Nakibinge mwenyewe naye aliuawa akipigana na Banyoro.

Sasa simameni hapo kidogo. Kawaida mungu wa vita ni mshindi. Baganda walikuwa wameshindwa, mfalme wao ameuawa, shujaa wao wa angani amening'inia mtini. Wangeweza kumsahau. Wangeweza kutunga kwamba hakufa, amepaa tu. Badala yake walimteremsha mtini, wakamjengea hekalu pale pale alipoanguka, na simulizi ya uzembe wake ikaendelea kusimuliwa pamoja na sifa zake, kizazi baada ya kizazi. Jina lake la heshima likawa Kibuuka Omumbaale, Kibuuka wa Mbaale. Yaani anaitwa kwa jina la mahali aliposhindwa.

Nisimulie kidogo ibada yenyewe ilivyokuwa, maana hapa ndipo yule jamaa wa chumbani aliacha kompyuta akaja kukaa kitandani kwangu.

Hekalu la Mbaale lilikuwa nyumba kubwa ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi. Ndani hakukuwa na sanamu. Kulikuwa na Kibuuka mwenyewe: taya lake la chini, kitovu chake, na sehemu zake za siri, vimehifadhiwa kwa heshima na kufungwa ndani ya vifuko vilivyopambwa kwa shanga. Msikunje uso. Baganda waliamini kwamba roho ya mtu hukaa na taya lake, na makabaka wao pia kwa vizazi vingi waliondolewa taya baada ya kufa, likatunzwa kwenye nyumba yake maalumu pamoja na kitovu. Taya ndilo linalosema. Ukiwa na taya la mtu, bado unaweza kumwuliza swali.

Na maswali aliulizwa. Watumishi wa hekalu walikuwa wa aina mbili, na tofauti yao ni ya kuvutia. Kulikuwa na kabona, kuhani, ambaye alitunza hekalu, alipokea sadaka na kueleza maana ya maneno ya mungu. Halafu kulikuwa na mmandwa, yule anayepandwa. Mmandwa alikaa, mara nyingi akavuta kiko cha tumbaku, mpaka Kibuuka ampande, kisha akasema kwa sauti ya Kibuuka. Anayesema si anayetafsiri. Hapo kuna hekima ya utawala, wadau: hakuna mtu mmoja aliyeshika maneno ya mungu na maana yake kwa mkupuo.

Kabaka alipotaka kupeleka jeshi, aliwatuma watu wake kwa Kibuuka na kwa Nende, mungu mwingine wa vita aliyekuwa na hekalu lake Kyaggwe. Walikwenda na zawadi: ng'ombe, watumwa, nguo za magome ya mti. Wakaleta jibu. Jeshi lilipotoka, wawakilishi wa miungu hao walitoka nalo, wakaambatana na askari hadi vitani, na ushauri wao ulisikilizwa njiani. Nyumbani nako vita iliendelea, maana mke wa askari alikuwa na miiko yake wakati mume yuko safarini, na kuivunja kulihesabiwa kuwa ni kumletea mume jeraha. Jeshi likirudi na nyara, sehemu ya nyara ilikwenda kwa miungu.

Ukiitazama vizuri, miiko ile yote ilikuwa inarudia kisa cha Mbaale. Tunza siri. Jizuie. Usifikiri ushindi wa jana unakulinda leo. Askari kijana aliyepita pale hakuhitaji kuhubiriwa, mti na hekalu vilikuwepo, na kila mtu alijua kilichompata mkubwa wa wapiganaji wote alipojisahau usiku mmoja. Kwa maoni yangu (na mwalimu wa semina ameniwekea alama ya kuuliza pembeni, hajakubali wala hajakataa) hekalu lile lilikuwa darasa la historia, na wale bakabona walikuwa wamenitangulia kazi yangu kwa miaka mia kadhaa.

Ila nisiwauzie sukari tupu. Vita vile vilikuwa vya kuteka watu na mifugo. Katika karne ya 19 Buganda ilikuwa imegeuka yenyewe kuwa mbabe wa majirani, na nyara zilizopelekwa kwa miungu zilikuwa ng'ombe wa watu na watoto wa watu. Sadaka za binadamu zilikuwepo Buganda, hilo halifichiki. Mungu aliyeombwa na wanyonge waliokuwa wakishambuliwa akawa mungu wa kubariki mashambulizi. Hiyo nayo ni sehemu ya somo.

Na kuna jingine. Nilipowasilisha haya kwenye semina, nilisimulia kile kisa cha mwanamke kama nilivyokisoma: mwanamke msaliti, shujaa akaponzwa. Dada mmoja wa mwaka wetu, ambaye kwa kawaida haongei, akanyoosha mkono. "Samahani. Huyo mwanamke anaitwa nani?" Nikapekua karatasi zangu. Simulizi nilizozisoma hazimpi jina. Akaendelea: "Amesaliti nini? Alikuwa ametekwa. Wamewaua watu wake, wamemgawa kama mbuzi. Hana upinde, hana mkuki. Akatumia masikio, akamwangusha mungu. Kama simulizi ingetunzwa Bunyoro tu, leo ungekuwa unatuambia habari za mungu mwanamke wa vita."

Semina nzima kimya. Mimi nimesimama mbele na chaki yangu. Wadau, nimewahi kupata sapu, lakini sijawahi kujisikia nimefeli kama dakika ile. Alikuwa na haki kabisa. Tangu siku ile kila nikisoma simulizi ya vita najiuliza kwanza: nani katunza hii, na nani hapa hana jina?

Turudi Mbaale, maana mwisho wake unauma.

Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suuna akamweleza habari za Mungu mmoja. Nyuma yake wakaja wafanyabiashara wengi wa pwani, na lugha yetu hii ya Kiswahili ikaingia ikulu ya Buganda pamoja na Uislamu. Mwaka 1877 wakafika wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, mwaka 1879 wakafika Wakatoliki Wafaransa. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga akapinduliwa, na mpaka 1890 waumini wa dini hizo mpya walipigana wao kwa wao kugombea nchi. Katika vita hivyo hekalu la Kibuuka lilichomwa moto. Fikirieni hilo: hekalu la mungu wa vita linateketea katika vita vya dini, na hakuna hata upande mmoja unaopigana kwa jina lake.

Lakini watunzaji walikuwa wameokoa masalia. Kisha akatokea John Roscoe, mmisionari Mwingereza aliyefika Buganda mwaka 1891 na kuwa rafiki wa Katikkiro Apolo Kaggwa. Roscoe alikuwa anaandika mila za Baganda kwa bidii kubwa. Kaggwa naye aliandika za kwake kwa Kiganda, na vitabu vyake kuhusu makabaka na mila bado vinasomwa. Roscoe akayapata masalia ya Kibuuka na kuyapeleka kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1907 akachapisha makala juu yake, na wasomi wa Ulaya wakafurahi sana, hasa James Frazer. Kwao ule ulikuwa ushahidi wa mkononi kwamba miungu ya kale ilianza kama watu wa kweli. Taya la Kibuuka likawa hoja kwenye kitabu cha mtu.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Taya lilitunzwa kwa miaka mingi ili liulizwe maswali. Cambridge likawekwa kwenye kabati, na hakuna aliyekuja kuliuliza kitu. Walilichunguza tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa uhuru wa Uganda wa 1962, masalia yalirudishwa Kampala na kuwekwa Makumbusho ya Uganda. Ni mapema mno ukilinganisha na mali nyingine za Afrika ambazo bado ziko Ulaya. Na habari hiyo haijaisha: mwaka 2024 makumbusho yale yale ya Cambridge yalipeleka Uganda vitu vingine 39, safari hii kwa mkataba wa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Ndiyo, mkopo. Tunaosoma kwa mkopo tunajua neno hilo linavyokaa rohoni, lakini sisi angalau tunakopa cha serikali. Kukopeshwa cha babu yako ni jambo jingine.

Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, na hapa hakuwa anatania: "Sasa Kibuuka akiwa makumbusho, bado ni mungu?" Nimelala na swali hilo siku tatu. Kwa bibi yangu jibu ni rahisi: Mungu ni mmoja, hao wengine ni wa zamani, lakini huwatukani, kwa sababu waliwatunza waliokuzaa. Nadhani bibi kaona mbali kuliko Frazer. Kumheshimu Kibuuka hakunitaki nimwabudu. Kunanitaka nisiseme "hatukuwa na kitu" kwa sababu tu mimi sikusoma.

Maana ndivyo nilivyomjibu yule jamaa, mnakumbuka? "Sisi tulikuwa na mizimu tu." Mimi, mjukuu wa mwanamke wa Bukoba anayejua ziwa lilikuwa la nani. Miezi michache ijayo napelekwa mazoezi ya kufundisha, nitasimama mbele ya watoto hamsini au zaidi, na wataandika kila nitakachosema, hata upuuzi. Mwalimu akikosea mara moja, kosa linanakiliwa kwenye madaftari hamsini, linasahihishwa kwa wino mwekundu kuwa ni sahihi, linakwenda nyumbani. Nimeogopa, sitaki kuwadanganya.

Kwa hiyo nimeamua somo langu la kwanza nitalifanyaje. Nitawasimulia Kibuuka, mwanzo hadi mwisho, na wingu na mti. Nitawaambia waliomwabudu walikuwa watu wenye akili waliojenga ibada juu ya kosa ili wasilirudie, na kwamba pamoja na hayo waliwatendea majirani zao ukatili. Halafu kabla kengele haijalia nitawauliza lile swali la dada wa semina: huyo mwanamke anaitwa nani? Nitawaachia waende nalo nyumbani, wakawaulize bibi zao.

Yule jamaa bado anacheza mchezo wake. Jana nimemkuta anaanza upya, yuko pale pa kuchagua mungu. Kaangalia orodha yote, kanitazama, kasema, "Huyu wetu hayumo." Akafunga kompyuta akaenda kununua chipsi. Mayai mawili, na alinigawia.

Haya wapendwa, nina jaribio Jumanne na sijagusa hata ukurasa. Niombeeni. Na kama una bibi au babu aliye hai, mpigie leo, usingoje Jumapili. Ila weka salio la kutosha.